Mawimbi ya Matema Hayaletwi na Mwezi

Jumamosi iliyopita nilikuwa Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, nimekaa mchangani karibu na mitumbwi iliyopandishwa. Ziwa limechafuka, lakini pale ufukweni hata jani la mwembe halitikisiki. Mtoto mmoja akamuuliza baba yake mawimbi yale yanatoka wapi wakati upepo hakuna. Baba akajibu bila kusita: "Mwezi unayavuta."

Nimefundisha fizikia Mbeya miaka 19. Jibu hilo nimelisikia darasani, kwenye daladala, hata kwa walimu wenzangu. Nimechoka kulisikia.

Mwezi unavuta maji, sikatai. Dar es Salaam wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku, kwa sababu mwezi una bahari nzima ya kuvuta. Ziwa Nyasa ni dogo mno kwa kazi hiyo. Linanyanyuka sentimita chache tu, tena taratibu, kwa saa kadhaa. Wimbi linalopiga mtumbwi kila baada ya sekunde 5 haliwezi kuwa la mwezi. Nadhani imani hii imeanzia kwa wavuvi wa usipa, samaki wadogo kama dagaa, maana wao huufuata mwezi kwelikweli: usiku wa giza karabai zinavuta samaki, mbalamwezi ikitoka karabai hazifui dafu. Lakini hapo kinachotafutwa ni giza, mawimbi hayamo.

Nguvu ya mawimbi haya imetoka kwenye jua. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane jua liko kaskazini, hewa ya kusini inapoa, inakuwa nzito, na inasukumwa kwenda kule kwenye joto. Hewa hiyohiyo inayotuvalisha makoti hapa Mbeya mwezi wa sita na wa saba inaingia pia bonde la Nyasa, na milima ya pande mbili inaielekeza. Sisi tunaiita kusi, Malawi wanaiita mwera. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo upepo unapata maji mengi ya kupita juu yake. Ukubwa wa wimbi unategemea kasi ya upepo, saa ulizovuma, na umbali uliopita juu ya maji. Watu hukumbuka kasi peke yake, kisha wanashangaa.

Mzee aliyekuwa anashona wavu pembeni yetu alimjibu yule mtoto kabla yangu: "Mjukuu wangu, hayo ni ya jana."

Ni ya jana kweli. Wimbi la sekunde 5 lina urefu wa mita 39 hivi kutoka kilele hadi kilele, na kilele chake kinakwenda karibu kilomita 28 kwa saa. Ila nguvu haiendi kwa kasi ya kilele; inakwenda nusu yake, kilomita 14 kwa saa. Jambo hili wanafunzi hulikataa mpaka waone kwa macho. Kodolea kundi la mawimbi yanayokuja: kilele kinazaliwa nyuma ya kundi, kinalipita katikati, kinafia mbele, na kundi lenyewe linajikokota nyuma ya vilele vyake. Kutoka Mbamba Bay, kusini kwetu kwenye ziwa hilihili, hadi Matema ni kama kilomita 200. Kilichoanzishwa na upepo kule saa 3 usiku kinatufikia saa 5 asubuhi, upepo ukiwa umeshalala.

Maji yenyewe hayajasafiri. Pale majini kulikuwa na boya la wavu, kipande cha kandambili iliyokatwa. Wimbi likija, boya linapanda, linasogea mbele kidogo, linashuka, linarudi karibu palepale. Ukizama mita 20 chini ya wimbi lile, karibu hakuna kinachotikisika.

Sasa piga hesabu. Wimbi la kimo cha mita 1 limebeba jouli 1,225 hivi katika kila mita ya mraba. Jua la mchana mweupe linamwaga karibu jouli 1,000 katika eneo hilohilo kila sekunde moja. Kitisho chote kile ni jua la sekunde moja na kidogo! Kimo kikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, na hapo ndipo mitumbwi inapopinduka.

Vitabu vya shule vinasema upepo "unasugua" maji, basi. Msuguano peke yake hautoshi. Hewa inakandamiza mgongo wa wimbi zaidi ya upande wa mbele, na hapo ndipo wimbi linapokua. Kuhusu jinsi upepo unavyoanzisha na kukuza mawimbi, wanasayansi Owen Phillips na John Miles walitoa maelezo mawili tofauti mwaka uleule wa 1957, na wataalamu bado wanabishana. Nikifika hapo ubaoni sauti yangu hupungua, na wanafunzi wanaona.

Si kila wimbi ni la jua. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoua watu hadi Dar es Salaam, ilitokana na tetemeko la Sumatra, na nguvu ya matetemeko ni joto la ndani ya dunia.

Yule mtoto akauliza tena: "Babu, na ya leo yatafika lini?" Mzee akatoa simu, akampigia mpwa wake Mbamba Bay. Kule upepo ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Akawaambia vijana wake wasishushe mtumbwi kabla ya saa 2 usiku.