Si kila kidole gumba kinachouma ni cha kulaumu nyama choma

Kisumu au Nakuru, mtu akichechemea kwa maumivu ya kidole gumba cha mguu huambiwa papo hapo apunguze nyama. Ushauri huo unamfaa mwenye jongo. Jongo huzuka ghafla, mara nyingi usiku: kiungo huvimba na kuwa moto, hata shuka ikigusa ni kilio, kisha hutulia baada ya wiki moja au mbili. Asidi ya yuriki, taka ya mwili inayosababisha jongo ikizidi, yaweza kuonekana ya kawaida kwenye damu wakati wa shambulio, kwa hiyo uhakika hutokana na maji ya kiungo kupimwa kwa hadubini.

Maumivu yaliyokuja polepole, kidole kikikataa kukunjika juu unapochuchumaa, na nundu ngumu juu ya kiungo, kwa kawaida ni gegedu lililolika, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Hapo kuacha nyama hakutibu chochote. Anza na kiatu cha soli ngumu, kipana mbele; ndala laini hukikunja kiungo kila hatua.

Hilo lisipotosha, gegedu likiwa bado lipo kiasi, daktari wa mifupa huchonga nundu pamoja na takriban robo ya juu ya kichwa cha mfupa. Likiwa limekwisha, mifupa miwili huunganishwa kwa bamba na skrubu, kidole kikiinuliwa nyuzi 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Kikilala mno, ncha hugonga chini. Kikiinuka mno, husuguana na kiatu. Utakanyagia kisigino kwa wiki 6 hivi. Sigara huchelewesha mifupa kushikana, wakati mwingine isishikane kabisa. Viatu vya visigino virefu, ndiyo basi.