Kiwanuka na bashraf yake ya dakika tano

Juzi niliwawekea wanafunzi wangu wa fidla wimbo wa Michael Kiwanuka, ule unaofungua albamu yake ya Love & Hate ya 2016. Karibu dakika kumi, na maneno hayaingii mpaka dakika ya tano hivi. Kwanza fidla zinapanda taratibu, kwaya wanaimba sauti tupu, halafu gita linalia. Kijana mmoja kashindwa kuvumilia, "Mwalim, huyu mwimbaji kaalikwa hajafika?" Tukacheka, nikamwambia yakhe wewe umekulia kwenye taarab, kwetu huku onyesho linafunguliwa kwa bashraf, ala tupu bila maneno, na hakuna anaelalamika, sasa hapa haraka ya nini?

Kiwanuka kazaliwa London 1987, wazee wake Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin, na hakuanza kama mwimbaji ati, alikuwa mpiga gita wa kuwapigia wenzake studio. Mimi naona ndo maana haogopi kunyamaza, mtu aliyezoea kukaa nyuma ya mwimbaji anajua kuacha nafasi, anajua chombo nacho kinasema. 2011 akawa anamfungulia Adele kwenye ziara, 2012 BBC wakamtaja namba moja kwenye orodha yao ya wasanii wa kuangaliwa, albamu ya kwanza ikatoka mwaka huo huo. Ya pili ndo hiyo ya bashraf, ikashika namba moja Uingereza. Wengi lakini walimjulia kwenye tamthilia ya Big Little Lies, inayofunguliwa kwa wimbo huo, na kule wamechukua kipande cha maneno tu, utangulizi wote wameutupa, mie roho iliniuma.

Kitu chengine ni jina. Alipoanza kusaini mikataba watu walikuwa wanamuuliza atajiita nani, kana kwamba Kiwanuka si jina la msanii. Albamu ya tatu, 2019, akaiita Kiwanuka basi, na 2020 ikachukua tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka Uingereza na Ireland. Hapo huwa namkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, yule wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, kazaliwa anaitwa Mtumwa na mjini ndo akapewa Siti, yaani bibi wa heshima, na kwa jina hilo akenda Bombay 1928 kurikodi. Yeye jina jipya lilimtoa chini, huyu kakataa jipya akabaki na la babake.

Yule kijana jioni kaniomba nimrushie wimbo WhatsApp. Nimemrushia mzima, sio kile kipande cha tamthilia.