Huduma zisizoshikika nazo hupimwa

Vibarazani Malindi husemwa tangu zamani kwamba kinachopimika ni kile kinachokaa juu ya mizani, na kwamba uzalishaji wa huduma hukisiwa tu. Sivyo. Nchini Uingereza, ambako huduma ni takriban asilimia 80 ya uchumi, ofisi ya takwimu hutoa kila mwezi fahirisi ya huduma, yaani namba inayoonyesha kiasi cha huduma kilivyopanda au kushuka: hukusanya mauzo ya kampuni, huondoa athari ya bei, kisha hulinganisha kiasi kilichobaki na cha mwaka wa msingi, unaohesabiwa kuwa 100.

Kwenye bei ndiko kwenye kazi. Tuseme hoteli ya ufukweni imekodisha vyumba 200 kwa shilingi 4,000 kila kimoja mwezi wa Agosti, na idadi ile ile kwa shilingi 6,000 mwezi wa Desemba. Mapato yamepanda kwa nusu, lakini huduma haikuongezeka hata kitanda kimoja. (Wenye hoteli wenyewe hawapendi kusikia hivyo.) Msimu nao huondolewa, kwani mwezi wa Mei, mvua za masika zikinyesha na bahari ikichafuka kwa kusi, wageni hupungua kila mwaka, na upungufu huo hauonyeshi kwamba uchumi umeanguka.

Shule na zahanati za umma, ambazo haziuzi kitu, mara nyingi hupimwa kwa idadi ya wanafunzi na ya matibabu.