Watu wa transjenda kwenye kituo cha afya: maswali kutoka Bukavu

Mtu wa transjenda ni nani?
Ni mtu ambaye jinsia anayojijua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Aliandikwa mvulana, naye anajijua ni mwanamke, au kinyume chake. Hilo halituambii anampenda nani.

Kanisani kwetu wanasema ni wazimu. Ni kweli?
Hapana. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliondoa jambo hili katika sura ya magonjwa ya akili kwenye orodha yake mpya, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Sasa limo katika sura ya afya ya kijinsia, ili anayehitaji huduma aipate. Huzuni na hofu walizo nazo wengi wao zinatokana sana na kupigwa, kuchekwa na kufukuzwa nyumbani.

Mimi ni muuguzi Kadutu. Nikimpokea mtu wa transjenda, nianzie wapi?
Anzia kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa. Kadi yake ya mchaguzi ina jina la kiume, na mbele yako amesimama mtu aliyevaa kitenge na kilemba. Ukiita jina lile kwa sauti, benchi zima linageuka, vicheko vinaanza, naye anaondoka hata hujampima presha. Pengine alikuja na homa tu! Muulize kwa sauti ya chini: "Nikuite nani?" Jina la kadi liandike panapotakiwa, ila mwite lile alilokupa. Kama amekuja kwa malaria, usimuulize habari za sehemu zake za siri. Wala usiwaite wenzako waje kumtazama. Hilo linaniuma kuliko yote, maana sisi ndio tuliofunzwa kutunza siri za wagonjwa. Watu hawa wamo katika hatari kubwa ya virusi vya ukimwi. Ukimfukuza kwa aibu leo, kesho hatakuja kupimwa wala kuchukua dawa.

Mazungumzo yanaweza kweli kumbadilisha mtu mzima anayewachukia watu wa transjenda?
Yanaweza. Mwaka 2016 David Broockman na Joshua Kalla walichapisha utafiti uliofanyika Miami, Marekani. Watu walipita nyumba kwa nyumba, wakipiga hodi na kuongea na wenyeji kwa dakika 10 hivi. Hawakuhubiri. Walimwomba mwenyeji akumbuke siku ambayo yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kuwa tofauti na wengine. Chuki ilipungua, na miezi 3 baadaye ilikuwa bado imepungua. Hapa kwetu, nani hajawahi kudharauliwa kwa ajili ya kabila, au kwa kuwa alifika mjini akikimbia vita? Anzieni hapo.

Mtoto wa dada yangu ameniambia yuko hivyo. Baba yake anataka kumfukuza.
Kwanza mtoto alale nyumbani, kwako kama kwao haiwezekani. Kisha kaa na shemeji yako, ninyi wawili tu, bila baraza la ukoo. Msikilize hofu yake mpaka amalize kuisema.