Kaskazini ni kwenye kaskazi

Ondoa -ni mwishoni mwa neno kaskazini, kama unavyoiondoa kwenye shambani au mjini. Kinachobaki ni kaskazi, na kaskazi ni upepo. Fanya vivyo hivyo kwa kusini, utabaki na kusi, upepo mwingine. Kwa mvuvi wa Lamu au Mafia hilo si jambo geni. Darasani, hasa huku bara, maneno haya hufundishwa kama majina ya mishale kwenye ramani tu, na mtoto humaliza shule bila kuambiwa kwamba miaka yote hiyo alikuwa akitaja pepo.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, msimu wa joto kali pwani. Ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Arabuni na Ghuba hadi Mombasa na Zanzibar kwa karne nyingi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili, na ndilo lililoyarudisha kwao. Katikati kuna maleleji, kipindi cha pepo kubadilika.

Katika kazi yetu ya kamusi tunaulizwa swali moja zuri sana: ikiwa kaskazi ni ya kaskazini, mbona inapeleka jahazi kusini? Ni kwa sababu upepo hutajwa kwa unakotoka, si kwa unakokwenda. Simama ufukweni mwezi wa Januari, geuka taratibu mpaka upepo ukupige usoni sawasawa. Hapo umeelekea kwenye kaskazi, na hiyo "kwenye" ndiyo kazi ya -ni. Ukitazama dira utaona uso wako umelalia mashariki kidogo. Si kosa. Manahodha waliita upande kwa upepo waliousikia mwilini, na upepo huo hutoka kaskazini-mashariki.

Mashariki na magharibi zina asili nyingine. Zimetoka Kiarabu, mashriq na maghrib, na katika Kiarabu ma- ya mwanzoni huunda jina la mahali: mahali jua linapochomoza, mahali linapozama. Ndiyo maana hazikuhitaji -ni. Binafsi naona hapa ndipo penye utamu wote: jozi moja imebeba mahali mkiani, nyingine imebeba kichwani, na sarufi yetu imezipokea zote sawa. Tunasema kaskazini mwa Kenya, tunasema pia mashariki mwa Kenya, kwa mwa ileile. Magharibi imebaki pia na maana ya wakati, ile ya sala inayoswaliwa jua likishatua.

Pwani kuna neno jingine lisilostahili kusahauliwa: kibla, yaani upande wa Makka, ambako Waislamu huelekea wanaposwali. Mombasa, Unguja na Makka zote ziko kati ya nyuzi 39 na 40 za mashariki, kwa hiyo anayeswali Unguja huelekea karibu kaskazini kamili. Wazee wakalitumia neno kibla kwa maana ya kaskazini yenyewe. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wenye maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya mwaka 1107 kwenye ukuta wake wa kibla, umetazama huko. Tembea katika makaburi ya zamani ya pwani: yamelazwa mashariki kwa magharibi, ili maiti aliyewekwa kwa ubavu wa kulia aelekee kibla. Ukiwa Kigoma hesabu hiyo haikubali tena, kwani kibla huko kimeegemea mashariki.

Lakini kaskazini ilisafiri na lugha hadi mbali. Leo kuna jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari ya Hindi, chini ya volkano ya Nyiragongo, na jina lake lina upepo wa majahazi ndani yake.

Kwa hiyo tunapowaomba waandishi na wachora vibao wasiandike "kasikazini" wala "kazikazini", hatutafuti ukali wa bure. Upepo unaitwa kaskazi.