Johnson hakufundishwa kusoma na mkewe: dhana potofu kuhusu wanasiasa waliotoka kwenye kazi ya nguo

Juzi dhana hii imerudi tena. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wapya namna ya kupiga pindo kwa mkono, nikamtaja Andrew Johnson, rais wa 17 wa Marekani, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa ushonaji. Sijamaliza, mmoja akadakia: "Huyo si ndiye aliyefundishwa kusoma na mkewe?" Wenzake wakaafiki. Nimelisikia neno hilo kwa wanafunzi, kwa wateja waliosimama mbele ya kioo wakijaribu koti, na kwa watu waliosoma vizuri tu. Kila nikilisahihisha kwa mdomo, wiki ijayo linarudi lilivyokuwa. Basi leo naliandika.

Dhana: Johnson alikuwa fundi mbumbumbu mpaka alipooa

Johnson alijua kusoma kabla hajakutana na Eliza McCardle. Walioana mwaka 1827, yeye ana miaka 18, bibi harusi 16. Eliza alimsaidia sana katika kuandika na hesabu, na msaada huo siupunguzi hata kidogo. Lakini kusoma alikuanzia kwenye meza ya ushonaji, huko Raleigh, North Carolina, alikokuwa mwanagenzi wa fundi James Selby.

Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Mama alisokota, akafuma, akafua nguo za watu ili watoto wapate kula. Shule mtoto huyu hakuingia hata siku moja. Akiwa bado mdogo alifungwa kwa mkataba wa uanagenzi uliotakiwa kumshikilia mpaka afikishe miaka 21. Pale kwa Selby palikuwa na desturi ambayo wasimulizi wengi huiruka: watu wa mjini walifika kuwasomea mafundi kwa sauti huku wanashona. Walisoma hotuba za wanasiasa na wasemaji mashuhuri. Hotuba hizo zilimnogea Johnson, na kwa kitabu cha hotuba hizo akajifunza kusoma. Mwaka 1824 alitoroka na kaka yake, Selby akatangaza gazetini zawadi ya dola 10 kwa atakayewarudisha wote wawili, au kwa atakayemrudisha Andrew peke yake. Kijana mmoja kwa bei ya wawili: bila shaka Selby alijua anapoteza mkono wa namna gani.

Aliyewahi kushona kwa mkono hatashangaa kusikia hayo. Fikiria karakana ya ushonaji ya wakati ule. Mafundi wamekaa juu ya meza pana karibu na dirisha, miguu wameikunja, kazi iko mapajani. Kastabini inasukuma, sindano inapenya, uzi unafuata. Ukisikiliza sana utasikia mkasi wa mkataji, au pasi ikiwekwa chini. Macho na vidole vimeshikwa na kazi, masikio yako huru tangu asubuhi hadi jua linazama, siku sita kwa wiki, miaka nenda miaka rudi. Ni kazi chache za mikono zinazompa mtu nafasi kubwa kiasi hicho ya kusikiliza, kubishana na kukariri.

Hapa Kiswahili chetu kinatuponza kidogo. Kila mshonaji tunamwita fundi cherehani, kwa hiyo msomaji anamwona Johnson akikanyaga pedali huku mashine inamnguruma usoni. Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Johnson alikuwa ameingia katika Baraza la Wawakilishi la Marekani tangu 1843. Alikuwa fundi wa sindano ya mkono, na ukimya wa sindano ndio uliompa siasa. Duka lake la Greeneville, Tennessee, ambalo hadi leo limehifadhiwa, likageuka baraza: watu wanaleta suruali ya kurekebishwa, wanabaki kujadili uchaguzi. Alichaguliwa diwani mwaka 1829, baadaye akawa meya, akaingia bunge la jimbo, na ndipo akaenda Washington.

Sasa linganisha na kiwandani. John Robert Clynes aliingia kiwanda cha pamba cha Oldham, Uingereza, akiwa na miaka 10, kazi yake kuunga nyuzi zilizokatika huku mashine ya kusokota inakwenda na kurudi. Palepale mashineni hakuna atakayekusomea chochote. Katika mabanda ya kufuma ya Lancashire kelele ilikuwa kubwa hivi kwamba wafumaji walizoea kusomana midomo. Clynes ilimbidi autafute usomaji nje ya kiwanda: alinunua kamusi kwa senti zake za shida, na aliwasomea magazeti wazee vipofu kwa malipo madogo. Mtoto aliyeambiwa kazi yake ni kuunga nyuzi akaja kuongoza chama cha Labour, na mwaka 1929 akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Tazama lakini jinsi desturi ileile ilivyomfikia: sauti ya mtu anayesoma, na watu wanaoisikiliza. Tofauti ni kwamba mshonaji aliipata akiwa kazini, na mtoto wa kiwandani aliifuata baada ya kazi.

Na kama bado unaamini kwamba fundi nguo alikuwa mjinga kwa asili ya kazi yake, msome Francis Place wa London. Alianza kwa kushona suruali za ngozi. Mwaka 1793 aliongoza mgomo wa mafundi wenzake, waajiri wakamfungia milango kwa miezi mingi, naye akaitumia njaa hiyo kusoma. Baadaye akafungua duka la ushonaji Charing Cross, na nyuma ya duka akaweka maktaba. Chumba hicho wanamageuzi na wabunge walikiingia kupanga mambo, na Place alikuwa mmoja wa waliofanikisha kufutwa, mwaka 1824, kwa sheria zilizokataza wafanyakazi kuungana. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mbunge. Kinachoniuma katika kumbukumbu zake ni hiki: aliandika kwamba wateja wake wangemvumilia bila neno kama wangeambiwa ni mlevi asiyewahi kufungua kitabu, lakini fundi mwenye vitabu waliona anajikweza. Kwa hiyo dhana ya fundi mbumbumbu haikutokana na kuwatazama mafundi. Wateja ndio waliopenda iwe hivyo.

Ndiyo maana darasani kwangu, siku ya kazi ya mkono, mwanafunzi mmoja anaweka sindano chini na kuwasomea wenzake nusu saa, kisha wanapokezana. Gazeti, katiba, chochote chenye hoja. Mwalimu wa ushonaji anayenisoma ajaribu kesho: kupiga pindo na kutia vifungo kwa mkono ndiyo saa yake. Siku ya cherehani usijisumbue, hawatasikia.

Dhana: aliyeshika sindano hawezi kuwasahau wanyonge

Naelewa kwa nini watu wanataka liwe kweli. Johnson huyuhuyu alijivunia ufundi wake majukwaani na kuwatetea wazungu maskini dhidi ya mabwana wa mashamba makubwa. Pia alimiliki watumwa. Alipokuwa rais, mwaka 1866 alikataa kutia saini mswada wa haki za kiraia uliowatambua Waamerika weusi kuwa raia, na Bunge likaupitisha kwa kumshinda. Miaka miwili baadaye alinusurika kuondolewa madarakani kwa kura moja katika Seneti, katika mvutano uliohusu mambo hayohayo ya majimbo ya Kusini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kisha mtazame John Fielden wa Todmorden, Uingereza. Huyu alikuwa mwenye viwanda vya pamba, tajiri, mbunge wa Oldham. Ndiye aliyeusukuma bungeni mswada uliopita mwaka 1847 na kuweka kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku kwa wanawake na vijana viwandani. John Bright wa Rochdale, naye mwenye kiwanda cha pamba na anayesifiwa hadi leo kwa uliberali wake, aliupinga. Wanaume wawili, pamba moja, viwanda vilivyotenganishwa na maili chache. Fielden aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha baba yake akiwa mtoto wa miaka kumi hivi na hakusahau uchovu ule. Johnson hakusahau umaskini wake, ila huruma yake ilikomea kwenye rangi ya ngozi. Kazi haitoshi kukuambia mtu atapigaje kura.

Dhana: Truman alikuwa fundi nguo

Hapana. Harry Truman aliuza. Yeye na rafiki yake wa jeshini Eddie Jacobson walifungua duka la nguo za wanaume Kansas City mwaka 1919: mashati, tai, kofia, mikanda. Bei ziliporomoka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, duka likafa mwaka 1922, na Truman akalipa madeni kwa miaka mingi akikataa kujitangaza muflisi. Ni habari ya heshima, ila haina sindano. Ukitaka rais mwingine wa Marekani aliyeshika kazi yenyewe, ni Millard Fillmore, aliyewekwa uanagenzi wa kuchambua sufu na kusafisha vitambaa, akajikomboa kwa dola 30.

Wanafunzi wangu wanajua swali ninalowauliza kila wakileta jina: alisokota, alifuma, alikata, alishona, aliuza au alimiliki? José Alencar, aliyekuwa makamu wa rais wa Brazil chini ya Rais Lula hadi 2010, alianza kijana kama mhudumu wa dukani na akaishia kumiliki kampuni kubwa ya nguo, Coteminas. Annisul Huq, meya wa Dhaka Kaskazini, Bangladesh, tangu 2015 hadi alipofariki 2017, alikuwa mwenye viwanda. Kuwaita hawa "mafundi" ni kuwanyang'anya mafundi jina lao.

Dhana: Gandhi alikuwa mfumaji

Mwaka 1922 mahakamani alitaja kazi yake kuwa mkulima na mfumaji. Alikuwa wakili, na gurudumu la kusokotea alijifunza ukubwani. Jibu lake lile mahakamani lilikuwa siasa tupu, na siasa nzuri.

Dhana: wanawake washonaji walikuwa wasindikizaji, na anayeingia siasa huaga sindano

Hizi mbili nazijibu pamoja. Miina Sillanpää aliingia kiwanda cha pamba cha Forssa akiwa na miaka 12. Mwaka 1907 alikuwa miongoni mwa wanawake 19 wa kwanza katika bunge la Finland, na mwaka 1926 akawa waziri wa kwanza mwanamke nchini humo. Marie Juchacz, mshonaji, ndiye mwanamke wa kwanza kuhutubia bunge la Ujerumani, tarehe 19 Februari 1919. Aliposema "Mabwana na mabibi", ukumbi ulicheka. Aliendelea. Wu Guixian alitoka kiwanda cha pamba akawa makamu wa waziri mkuu wa China mwaka 1975, na mwaka 1977 akarudi kiwandani.

Kisha Lilian Ngoyi wa Afrika Kusini, mwendesha cherehani kiwandani na mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa nguo. Tarehe 9 Agosti 1956 aliwaongoza wanawake wapatao 20,000 hadi Union Buildings, makao ya serikali huko Pretoria, kupinga sheria za pasi, yaani vibali ambavyo watu weusi walilazimishwa kutembea navyo. Mmoja wa waliokuwa naye mstari wa mbele, Sophie Williams, naye alitokea kiwanda cha nguo, Port Elizabeth. Mwaka huohuo Ngoyi akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Kamati Kuu ya Taifa ya ANC, chama cha ukombozi. Serikali ikampiga marufuku, ikamfungia Orlando, mtaa wa Soweto, akakatazwa mikutano, na maneno yake hayakuruhusiwa kunukuliwa. Kwa sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 1980, alijitafutia riziki kwa kushona nyumbani kwake.