Jaji wa Hadithi Hasahihishi Insha

Jumapili iliyopita nilikuwa soko la Kibuye, Kisumu, nikitafuta viatu vya mtumba, kijana mmoja wa kikundi chetu cha waandishi akanifuata na simu mkononi. "Mwalimu, nisomee mwanzo tu, ni ya shindano." Nikasoma: "Siku hiyo nilirauka alfajiri na mapema, jogoo wa kwanza alipowika, nao ndege wakamsifu Muumba kwa sauti nyororo." Nikamuuliza hadithi inahusu nini. Akasema inahusu kakake aliyeuza pikipiki ya mama yao kisiri. Sasa mbona pikipiki haionekani? Akanipa jibu ambalo nimelisikia mpaka limenichosha: "Majaji wanataka msamiati, Mwalimu."

Hatutaki. Nimesoma duru ya kwanza ya mashindano madogo hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, na naijua imani hiyo ilikotoka. Hadi KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alipewa dakika 40 aandike insha ya alama 40, akafundishwa kuijaza methali na tashbihi. Lilikuwa zoezi la kupima lugha. Msomaji wa duru ya kwanza anatafuta sababu ya kufungua ukurasa wa pili. Nikikutana na ndege wanaomsifu Muumba katika hadithi tano mfululizo, ya sita nitaisoma kwa macho mazito, hata kama pikipiki inanisubiri ukurasa wa tatu.

Mwaka mmoja niliisoma hadithi ya wavuvi wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, wa ufuo wa Dunga. Sentensi zake zilipendeza kweli: mbalamwezi iking'aa juu ya ziwa, mawimbi yakimeremeta kama almasi, vijana wakivuta nyavu zilizojaa. Lakini omena huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa ili omena wafuate mwanga, na mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazina nguvu, wengi hubaki ufuoni wakishona nyavu. Mwandishi alikuwa amekulia kando ya ziwa, aliyajua hayo kuliko mimi. Mbalamwezi aliitoa kwenye daftari la misamiati. Angeandika giza lile, na karabai inavyovuma, na mtu anayemsikia mwenzake bila kumwona uso, ningeipitisha usiku uleule. Iliniuma kuiacha.

Msamiati mzito wenyewe hauna kosa. Neno gumu likiwa ndilo jina la kitu, liandike bila kuomba radhi: juya ni juya, chelezo ni chelezo. Linaloharibu ni neno lililoitwa kuja kupamba. Mama muuza nyanya wa pale Kondele, Kisumu, hawezi kusema "La hasha!" Anasema, "Apana, nunua ama utoke hapo." Mwache aseme hivyo, na masimulizi yabaki katika Kiswahili unachokimudu.

Hapa nakiri jambo. Niliwahi kukaa meza moja na jaji wa Pwani, akakata alama kwa mazungumzo ya aina hiyo, mimi nikaongeza, tukabishana mpaka bawabu akaja kufunga chumba. Hadi leo sina hakika kama nilikuwa naitetea hadithi ama naitetea Kisumu yangu. Na kuna hadithi moja yenye methali saba niliyoiweka kando usiku nikiwa nimechoka. Hunirudia akilini. Pengine ilikuwa nzuri.

Mengine nayasema haraka. Soma masharti. Commonwealth Short Story Prize, tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, hutaka maneno 2,000 hadi 5,000, haitozi ada, na hupokea hadithi za Kiswahili, kwa hivyo usijitese kutafsiri. Caine Prize, tuzo ya hadithi fupi za Waafrika kwa Kiingereza, haipokei mswada: hadithi iwe imeshachapishwa, na anayeituma ni mchapishaji. Ukiibandika Facebook, mashindano mengi yataihesabu kuwa imechapishwa, hata kama ni marafiki tu walioiona. Mtandao ni uchapishaji. Mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alishinda Caine mwaka 2002 kwa kazi iliyotoka mtandaoni. Wakisema jina lisionekane kwenye hati, lifute hata pale juu ya kila ukurasa. Na tarehe ya mwisho ikifuata saa za London, saa sita usiku ya kule ni saa tisa usiku huku, au saa nane wakati wa kiangazi chao.

Yule kijana nilimketisha kando ya marobota, nikamwambia azime simu anisimulie. Akaanza: "Kaka alinipa mia mbili nimwambie mama pikipiki iko gereji." Nikamzuia hapo hapo, nikamwambia awashe simu aiandike kama ilivyotoka. Tukahesabu, ni maneno tisa. Shindano lake linataka yasipungue 2,000, kwa hivyo yamebaki 1,991, na ana hadi Ijumaa.